Papa Mudogo wa Sodiamu

Wewe unayenisoma, vuta kiti ukae karibu na mimi. Nimefundisha kemia karibu maisha yangu yote, na nimeona kwamba mwanafunzi anayekaa nyuma kabisa ndiye anayeogopa. Usiogope. Nitakwenda polepole, na mahali utakapochoka tutapumzika. Nakuandikia kwa sababu mwezi uliopita Bea, rafiki yangu wa shule, alifika kwangu kutoka Yanonge, fimbo mkononi, mjukuu wake nyuma na kapu la samaki wa moshi. Hatukuwa tumeonana tangu nywele zetu zilipokuwa nyeusi. Tulikaa uani tukachambua sombe, majani ya muhogo, na kabla sufuria haijachemka tulikuwa tunacheka kiasi kwamba wajukuu walikuja kuangalia kama kuna mgonjwa. Wakauliza tunacheka nini. Bea akajibu, "Tunacheka potasiamu." Wakatazamana, kila mmoja akitaka mwenzake ndiye aende kumwita daktari. Basi nilianza kuwaeleza wao, na sasa nakueleza wewe.

Ulikuwa mwaka uliofuata uhuru. Kwenye mihuri ya posta mji wetu ulikuwa bado Stanleyville, ingawa nyumbani kwetu haukuwahi kuitwa kitu kingine ila Kisangani. Wakubwa wa kwetu na wakubwa wa mji mkuu, huko mto unakoshukia, hawakuelewana nani ndiye serikali, na kwa sababu ya ugomvi huo meli ziliacha kupandisha bidhaa. Redio yetu, iliyofunikwa kitambaa cha kushonwa kama mtoto mchanga, ilisema jambo moja asubuhi na kinyume chake jioni. Katika chumba cha mbele, juu ya mikeka, baba na wenzake walizungumza siasa kwa kunong'ona, na sisi tulipoingia na sinia walinyamaza. Lakini habari za chumvi na sabuni waliziongea kwa sauti kubwa, hata jirani alijibu kutoka upande wa pili wa ukuta. Tulikula lituma, yaani ndizi za makemba zilizopondwa, na samaki, vyote bila chumvi. Mama alisema ukitafuna polepole utaikuta chumvi ndani, na mjomba akamjibu kwamba ametafuna tangu Jumatatu na bado hajaikuta. Mashati ya shule yalifuliwa kwa majani ya mpapai. Yalitoka na rangi ya kijani kidogo, na harufu ambayo hata leo nikiisikia najiona niko darasani. Nikiutazama mwaka ule kutoka hapa nilipo, najua kulikuwa na hofu. Milango ilifungwa mapema na watu waliulizwa wametoka wapi. Lakini mtu wa miaka kumi na sita ana nafasi ya furaha hata mahali penye hofu, na yangu ilikuwa katika chumba kimoja chenye harufu ya kiberiti.

Mwalimu wetu wa kemia wa kwanza alikuwa amerudi kwao Ulaya kwa ndege kama wengi wa wenzake. Nafasi yake ilishikwa na kijana wa Bengamisa aliyekuwa amemaliza masomo karibuni tu. Alifunga shati mpaka kifungo cha shingoni, na mkono mmoja wa miwani yake ulikuwa uzi. Tulimwita Monsieur Anselme. Siku ya kwanza aliifungua kabati atoe chati kubwa ya elementi ya kutundika ukutani, akakuta mchwa wameila, umebaki ubao wa juu tu. Aliushika ule ubao, akautazama kwa heshima. "Mchwa bamesoma mbele yenu, ninyi bado," akasema. "Bon. Tutaiandika upya." Akatugawia vipande vya maboksi. Kila kipande kilipata jina la elementi moja, uzito wake, na tabia zake: inang'aa au haing'ai, inayeyuka upesi au kwa shida, inafanya nini majini, inafanya nini motoni. Kisha akatandika mikeka sakafuni, akatuambia tuzipange elementi hizo kila mtu anavyotaka. Sisi tukazipanga kwa rangi. Dhahabu tukaiweka na salfa kwa sababu zote ni za njano. Risasi, mkaa na iodini tukazilaza pamoja, weusi na weusi wenzao. Tulikuwa tumejipongeza tayari.

Monsieur Anselme alizunguka mikeka kama mtu anayetazama nyanya sokoni. Akamwuliza Bea, aliyekuwa binti wa wavuvi na mwenye mdomo mwepesi kuliko sisi wote, "Kwenu, siku ya ndoa, mnakalisha wageni kwa rangi ya nguo?"

"Hapana, Monsieur. Kila mutu anakaa na ndugu zake."

"Na ndugu, unawatambua namna gani kama hawajasema jina?"

Bea akafikiri. "Kwa tabia. Wa kwa mama, wote wanacheka na mdomo wazi. Wa kwa papa, wote wanakasirika upesi."

"Njo vile," akasema, yaani ndivyo. "Sasa pangeni tena."

Hapo ndipo alipotueleza jambo ambalo nami nimelieleza kila mwaka tangu siku ile, na nakueleza wewe kama alivyotueleza. Zipange elementi kutoka iliyo nyepesi hadi iliyo nzito, moja baada ya moja. Utaona tabia zinabadilika hatua kwa hatua, kisha ghafla tabia ya zamani inarudi. Ni kama siku ya soko. Unahesabu siku, moja haifanani na nyingine, mara soko limerudi. Si soko lile la juma lililopita, lakini watu ni walewale na makelele ni yaleyale. Kila tabia inaporudi, unaanza mstari mpya chini ya ule wa kwanza. Ukimaliza, tazama kutoka juu kwenda chini: waliosimama katika safu moja ni ndugu. Safu hii ina metali laini zinazogombana na maji. Safu ile ina zile zenye harufu kali, klorini, bromini na iodini, ambazo hukamata metali na kutengeneza chumvi. Na pembeni kabisa kuna gesi ambazo hazitaki kuungana na mtu yeyote. "Hao ni sawa na tonton, mjomba wangu wa Banalia," akasema Ramazani, ambaye alikuwa hodari wa hesabu na mzembe wa kila kitu kingine. "Hajaoa, haazimi, hasalimii."

Katika kabati kulikuwa kumebaki chupa mbili ndogo zenye mafuta ya taa, na ndani yake vipande vya sodiamu na potasiamu. Monsieur Anselme alikata kipunje cha sodiamu kwa kisu cha kawaida. Ilikatika kama ndizi iliyochemshwa. Ndani ilimetameta kama fedha, na kabla hatujamaliza kushangaa ilikuwa imefifia. Akaidondosha katika beseni la maji. Ilikimbia juu ya maji ikizomea, ikawa kishanga, ikaisha. Kisha potasiamu: hiyo ilikimbia vilevile, lakini ikawaka moto wa zambarau. Tulirudi nyuma sote pamoja, kisha sote pamoja tukaomba arudie. Hakurudia, vipande vilikuwa vichache. Akatueleza kwamba kila moja ya hizi ina elektroni moja tu upande wa nje kabisa, mbali na wenzake, na iko tayari kuitoa kwa yeyote atakayeomba. Ndiyo maana tabia zao zinafanana. "Hawa ni ndugu," akasema, akigusa vipande viwili vya boksi, kimoja chini ya kingine. Bea akaninong'oneza kwamba basi sodiamu ni papa, na potasiamu, mdogo wake, ni papa mudogo, na jina hilo likabaki.

Sasa nikuambie kilichokuwa hatarini, maana bila hicho ungesema tulikuwa tunacheza tu. Mishahara ya walimu ilikuwa haifiki. Wazazi walikuwa wamekubaliana kuwalisha kwa zamu, kila siku nyumba moja. Jambo hilo lilisimamiwa na Papa Saleh, fundi cherehani wa mtaa wetu na mwenyekiti wa wazazi, mtu mwema aliyependa kazi inayoonekana mwisho wake. Nilikuwa kwenye baraza yake nikingoja mkono wa gauni, na yeye akiongea na baba yangu bila kusimamisha cherehani.

"Mwalimu wa hesabu, bon, naelewa kazi yake. Wa kifaransa, naelewa. Lakini huyu wa Bengamisa anafundisha batoto nini? Majina ya bintu yenye hata haionekane. Tunamupa makemba kwa majina?"

"Banasema ni science," alisema baba, bila nguvu.

"Science iko na mwaka wake. Mwaka huu ni ya tumbo. Jumamosi, kwa mkutano, tunaamua. Kama wazazi hawaone faida, arudi kwa mama yake alime. Na huyu Zainabu wako, nitamupa cherehani ile ya pembeni. Yeye iko na mikono muzuri."

Baba aliniangalia. Sikuwa na neno lolote baya juu ya cherehani. Lakini nilijua kwamba Monsieur Anselme akienda, mlango wa chumba kile utafungwa, kwa sababu hakukuwa na mwingine wa kuufungua. Na nilijua pia, kwa namna unavyojua una njaa, kwamba nilitaka kukaa ndani ya chumba kile mpaka nizeeke.

Mwalimu mwenyewe hakuwepo kujitetea. Alikuwa amechukua baiskeli kwenda Bengamisa kutafuta mchele, na angerudi Ijumaa. Kwa hiyo tukakaa sisi watatu, mimi, Bea na Ramazani, kwenye ngazi za shule, na Bea akasema kwamba wazazi wanataka kitu cha kushika mkononi, basi tuwape sabuni. Tulikuwa tumejifunza kwamba sabuni ni mafuta yaliyopikwa na soda, na soda ni ya sodiamu. Soda ilikuwa inakuja kwa meli, na meli hakuna. "Lakini majivu iko na potasiamu," alisema Bea. "Monsieur alisema. Sasa, kwenu, papa akisafiri, nani anakata maneno?"

"Papa mudogo," tukajibu.

"Na akikata, imekatika?"

"Imekatika kabisa."

"Donc," akasema. Yaani basi, imekwisha.

Usitucheke upesi. Kwetu ndugu ya baba ni baba. Anakutuma, anakuchapa, anapokea mahari yako, na hakuna anayesema afadhali angekuwa yule mwingine. Tungefikirije kwamba kwa elementi si hivyo?

Tulipikia uani kwa mama yake Bea, Mama Vero, aliyeuza samaki pwani ya mto. Tulichoma maganda ya makemba na vikonyo vya mawese mpaka vikawa majivu meupe, tukayatia kwenye kapu lililotandikwa majani, tukayamwagia maji. Yaliyodondoka chini yalikuwa ya rangi ya chai na yaliteleza kati ya vidole. Tukayachemsha yapungue hadi yai lilipoelea juu yake, ishara kwamba yamekolea, tukatia mafuta ya mawese, tukakoroga kwa zamu. Mama Vero alipita na kupita akiuliza kama sufuria yake itarudi na sura yake. Kilichoanza kuonekana kilikuwa sabuni kweli: kilitoa povu, kiliondoa masizi mikononi. Furaha ilitupanda kichwani. Ramazani akatangaza msikitini baada ya sala kwamba Jumamosi darasa la kemia litaleta sabuni ya kukata kwa kisu. Bea akatangaza pwani. Mama yangu alifuta rafu moja, akaiacha wazi. Papa Saleh mwenyewe, nilisikia, alitayarisha uzi imara wa kukatia miche.

Tulimimina kwenye visanduku vya mbao tukangoja. Alhamisi ilikuwa laini. Tukasema inalala. Ijumaa asubuhi ilikuwa laini. Ramazani alikigeuza kisanduku kimoja juu chini, na sabuni ikashuka polepole, kwa aibu, kama lituma ya mgonjwa. Tulikuwa bado tumeizunguka Monsieur Anselme alipoingia na vumbi la njia nzima, baiskeli ikilia. Tukamwambia yote, pamoja na maneno ya Papa Saleh. Aliingiza kidole, akakisugua, akanusa. Kisha akacheka mpaka ule uzi wa miwani ukakatika.

"Nani aliwaambia potasiamu itafanya sawasawa na sodiamu?"

"Wewe, Monsieur," alisema Bea. "Ulisema ni ndugu."

"Nilisema ndugu. Sikusema mapacha." Akaketi juu ya kinu kilicholazwa. Akatueleza kwamba safu inatuambia watu hawa wanafanana tabia, lakini kadiri unavyoshuka tabia ileile inabadilika kiasi. Papa mudogo wetu ni mnene kuliko kaka yake, na elektroni yake ya nje iko mbali zaidi, kwa hiyo anaitoa kwa haraka zaidi. Si mnakumbuka ule moto wa zambarau? Na sabuni yake inapenda maji sana, inayashikilia, haikauki ikawa mche. Sabuni ni sabuni, lakini laini. Kujua familia ni nusu ya kazi, akasema. Nusu nyingine ni kumjua kila mmoja ndani ya familia.

Ramazani akapendekeza tuseme visanduku vimeibwa. Monsieur Anselme akakataa kwa kichwa, bila hasira. Mimi nilikuwa natazama vipande vya boksi katika akili yangu, kimoja juu ya kingine, na nikauliza: kama kinachokosekana ni sodiamu, je, chumvi ya kula haina sodiamu? Tukiitia, si itamwondoa papa mudogo ikae mahali pake? Hakunijibu kama ni kweli. Alisema, "Kesho, sema mbele ya kuona, kabla jibu halijatokea. Ukisema nyuma ya kuona, uko shahidi tu. Ukisema mbele, njo science."

Jumamosi wazazi walijaza darasa, wamebanwa kwenye madawati ya watoto wao, magoti yakigusa vifua. Visanduku viliwekwa mezani. Papa Saleh alichukua uzi wake, akaupitisha, na sabuni ikajifunga tena nyuma ya uzi kama vile hakuna kilichotokea. Watu walicheka.

"Ni sabuni ama ni supu?" aliuliza mmoja.

"Bado haijashika," alisema Ramazani.

"Hata shemeji yako, Papa Saleh, bado hajashika kazi," alisema Mama Vero kutoka nyuma, "na unamulisha mwaka wa ngapi?"

Hata Papa Saleh alitabasamu, lakini akainua mkono. Akasema yeye si adui wa mtu. Ahadi ilikuwa sabuni ya kisu, na hii hapa si ya kisu. Monsieur Anselme hakusimama. Alinitazama mimi. Nilisimama, nikawaeleza kama ninavyokueleza wewe: safu, ndugu, kaka na papa mudogo, kwa nini hii ni laini. Mwanzoni niliongea na meza. Nilipofika kwa papa mudogo mnene waliinua vichwa, nami nikawaangalia. Kisha nikasema mbele ya kuona: "Sabuni hii mukiniruhusu niipashe moto kikombe kimoja, na nikipata chumvi, itakatika kama maziwa mabaya, itapanda yulu, juu ya maji, na ikipoa itakuwa ngumu."

Chumvi ilikuwa neno zito mwaka ule. Kila mtu alijua nani anayo: Mama Vero, kwa samaki wake. Alifungua kitambaa kiunoni, akaninyooshea kijiko kwa mkono ambao haukutaka kunyooka, kisha kingine. "Zainabu, binti yangu," akasema, "kama inakataa, utakula hao samaki wakioza."

Jiko la mkaa lilikuwa mlangoni. Nilipasha, nikatia, nikakoroga. Hakuna kitu. Nikakoroga tena. Kisha katikati ya kikombe ikaonekana punje moja nyeupe, na nyingine, na zote zikaanza kupanda juu zikiacha maji chini, na nyuma yangu madawati yakalia kwa sababu wazazi wote walisimama kwa pamoja. Nilizikusanya kwenye kijisanduku cha viberiti. Mkutano uliendelea na maneno ya paa na kuni, na mikutano yetu si mifupi. Mwishoni Papa Saleh alikitoa kipande, akakibonyeza kwa kidole gumba. Hakikubonyea. Akakipitisha mkono kwa mkono mpaka kikarudi kwake.

"Alors," akasema, "sasa tunatia chumvi yote?"

"Chumvi gani?" alisema Mama Vero. "Yangu? Sabuni ngumu, samaki wanaoza? Hapana. Majani ya mangongo iko mingi porini. Tunafunga hii ya laini kwa majani, kila mutu anapeleka kwake. Inasafisha, ama haisafishi?"

Inasafisha, wakasema waliokuwa wamenawa.

"Lakini," akaendelea, "leo najua kwa nini iko laini, na najua ingeweza kuwa ngumu, na ni mimi nimechagua. Jana singejua. Papa Saleh, mutu anayefundisha mutoto kusema vile, ukimurudisha Bengamisa, mimi nitakula kwa nani hiyo akili?"

Papa Saleh alikunja uzi wake taratibu, akautia mfukoni. Hakuwa mtu wa kutoa hotuba anaposhindwa, wala hakuonekana kama aliyeshindwa. Alimgeukia Monsieur Anselme, ambaye miwani yake ilikuwa imefungwa kwa uzi mpya, akamwuliza kama anakula pilipili. Mwalimu akasema anakula. "Bon," alisema Papa Saleh. "Jumatatu ni kwangu."

Ndivyo chumba kile kilivyobaki wazi. Miaka mibaya zaidi ilikuja baadaye, hilo sikufichi, na si wote waliokaa kwenye madawati yale walifika uzeeni. Lakini juma lile lote mtaa wetu ulinuka mawese na majivu, mashati yakawa meupe, na mimi Jumatatu asubuhi niliingia darasani nikakaa mbele kabisa, karibu na meza, mahali nilipokaa mpaka niliposimama upande wa pili wa meza hiyo. Wazazi walimlisha mwalimu mpaka mishahara iliporudi, na walipogombana nyumbani niliwasikia wakisema fulani ni potasiamu, yaani anawaka upesi.

Sasa ni zamu yako. Kesho asubuhi nenda jikoni, chukua chumvi, sukari, unga, majivu na magadi, kila kimoja kidogo kwenye kisahani chake. Usivipange kwa rangi. Tia maji katika kila kisahani, koroga, na kabla ya kutazama, sema kwa sauti kipi kitayeyuka na kipi kitabaki chini.